Kiti cha Pili Kina Mwenyewe, na Mwenyewe ni Wewe

Swali: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 49 na ndoa yangu ina miaka 24. Mume wangu ana miaka 53. Mwezi uliopita alirudi nyumbani na gari la spoti, Mazda MX-5 ya mwaka 2016, jekundu, paa la turubai, viti viwili tu. Hakunishirikisha. Anasema ni fedha alizodunduliza kwenye kazi zake za jioni, hana deni la mtu, na gari lenyewe ni la bei nafuu. Shangazi, mtu mzima na gari la vijana! Familia tutakaa wapi? Mashoga zangu wanasema mwanamume wa umri huu akinunua gari la viti viwili, kiti cha pili kina mwenyewe. Lisemwalo lipo. Kila Jumapili ananiomba twende tukazunguke, nakataa, maana magoti yananiuma na nywele zitavurugika. Watoto wetu watatu wako mbali, wawili kazini na wa mwisho chuoni, na wote wanamsifia baba yao. Gari letu kubwa naliendesha mimi. Nimemwambia achague, gari au mimi. Je, nimekosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kushtukia gari limeegeshwa uani bila kuambiwa kunauma, na kwa hilo nakupa pole. Lakini umeuliza kama umekosea. Ndiyo, umekosea, na shahidi ni barua yako mwenyewe.

Unauliza familia mtakaa wapi. Familia ipi? Watoto wako mbali, umesema. Gari kubwa lipo na unaliendesha wewe. Siku wakirudi wote likizo, usafiri upo. Nyumba yenu sasa ina watu wawili na gari lina viti viwili, hapo hesabu haijapotea.

Halafu hilo la mashoga. Lisemwalo lipo, umeniandikia. Nani amesema? Hujataja usiku hata mmoja aliochelewa kurudi, hujataja simu anayoificha, hujataja fedha zilizopungua mezani. Kilichopo ni maneno ya kinamama wasiolala chumba kimoja na mumeo. Na hebu fikiri kidogo: mtu mwenye mwanamke wa pembeni anatafuta gari la kawaida, lenye vioo vyeusi, lisilogeuzwa shingo na mtu. Mumeo amenunua gari jekundu lisilo na paa, ambalo kila aliyesimama barabarani anaona ni nani kakaa ndani. Tena kila Jumapili anakuomba ukae wewe. Kiti cha pili kina mwenyewe kweli, na mwenyewe anakikataa kwa sababu ya nywele.

Gari lenyewe umelihukumu kwa rangi, kwa hiyo ngoja nikueleze. MX-5 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Magari madogo ya wazi ya Waingereza, yale yaliyotamba miaka ya 1960, yalikuwa karibu yote yameshatoweka, na watu walikuwa wamezoea kuwa gari la namna hiyo kazi yake ni kuvuja mafuta na kukuacha njiani. Mazda wakaleta gari la umbo hilohilo, ila linalowaka kila asubuhi. Likauzwa hadi kitabu cha Guinness kikaliandika kuwa gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, na mwaka 2016 likafikia la milioni moja. Piga hesabu ya umri, utaona mumeo alikuwa mvulana wa shule lilipotoka. Miaka yote hiyo amelipa ada, amejenga, amenunua magari ya kubebea watoto na mizigo yao. Sitashangaa kama hili amelitamani tangu ana miaka kumi na saba na hakukwambia, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijafika.

Ungeniambia amenunua dude la nguvu za farasi mia tano, ningekuwa upande wako. La kizazi hiki lenye injini ya lita 1.5 lina nguvu za farasi 131, na linafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde nane na ushee. Magari mengi ya familia yanafanya hivyo. Raha yake iko kwenye kona. Lina uzito wa karibu tani moja tu, injini imerudishwa nyuma ya ekseli ya mbele, uzito umegawanyika karibu sawa mbele na nyuma, na nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Dereva anahisi barabara mikononi hata akiwa kwenye mwendo halali. Wepesi huohuo ndio unaofanya lisile mafuta wala kumaliza breki haraka, na kwa kuwa yameuzwa mengi, vipuri vinapatikana. Huo ndio unafuu anaokwambia mumeo, na hapo hadanganyi.

Kasoro linazo, nazo sitazificha kwa sababu tu nimemtetea. Buti lake ni la lita 130, linameza mabegi mawili laini, na begi gumu la safari utarudi nalo ndani. Tairi la spea hakuna, kuna pampu ndogo na dawa ya kuziba pancha, na tairi likichanika ubavuni dawa hiyo haisaidii kitu. Mbele ya abiria hakuna hata kile kisanduku cha kuwekea karatasi. Kipo kidogo katikati ya viti, nyuma ya mabega, na kukifungua lazima ujipinde. Kishikio cha kikombe kinachomekwa karibu na goti la abiria, nacho kitakuudhi, kichomoe. Kwenye barabara kuu kelele za upepo zinapita kwenye turubai na mazungumzo yanakuwa ya kupaza sauti. Mvua ikinyesha, gari linalosukumwa na matairi ya nyuma halitaki mzaha wala matairi yaliyolika. Bima ya gari la spoti mara nyingi iko juu. Na liko chini mno: dereva wa lori anaweza asiwaone, matuta yatalikwangua tumbo.

Hayo magoti ndiyo malalamiko yako pekee niliyoyaamini moja kwa moja. Kuna namna ya kuingia. Usitangulize mguu kama unavyopanda gari lako kubwa. Geuka mgongo, kaa kwanza kwenye kiti miguu ikiwa nje, kisha izungushe yote miwili kwa pamoja iingie ndani. Kutoka ni kinyume chake, na paa likiwa wazi ni rahisi zaidi kwa kuwa huinamishi kichwa. Paa hilo hufunguliwa kwa mkono tu, kuna kitasa kimoja katikati juu ya kioo cha mbele, unakiachia, unalisukuma nyuma. Nywele funga kitambaa.

Kuna mahali ningesema liuzwe kesho. Kama watoto wangekuwa wadogo na hilo ndilo gari pekee. Kama angekopa. Kama ada ya wa mwisho ingekuwa imetikiswa. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye barua yako, nawe ungekuwa nalo usingeacha kuliandika.

Mumeo naye ana kosa lake. Fedha ni za jasho lake la jioni, sawa, lakini jioni hizo alizitoa kwenu pia, na mtu wa ndoa ya miaka 24 haleti gari kama anayeleta mkate. Alinyamaza kwa sababu alijua jibu lako kabla hajauliza. Mwambie limekuuma kufichwa. Hilo ndilo la kumwambia, liseme kwa jina lake, uache kulivika nguo ya hawara asiyekuwepo.

Ndoa za siku hizi nyingi zinakufa hapohapo mlipofika ninyi, si kwa kufumaniana. Watoto wakiondoka, watu wawili waliolea pamoja wanagundua hawana la kuongea. Kila mmoja na simu yake, kila mmoja na chumba chake cha kupumzikia, chakula kinaliwa kwa zamu. Mwanamke anapata kundi la mashoga, mwanamume anapata baa, na nyumba inabaki ya kulala tu. Kisha tunashangaa watu wazima wanaachana baada ya kuvumiliana ujana wote! Mwanamume akifika umri huo bado anataka kutoka na mke wake wa ndoa, hata kama ni kwenye kigari kinachokwangua matuta, kuna wanawake wengi wanaoniandikia ambao wangeacha kila kitu wakimbilie kiti hicho. Nasoma barua zao, najua ninachosema.

Kwa hiyo yale maneno ya gari au mimi, yafute leo, kabla hajayazoea. Mashoga waambie gari la mumeo halijadiliwi. Kisha mkae mkubaliane kiasi ambacho mtu akikizidisha lazima amshirikishe mwenzake, na sheria hiyo ikubane na wewe. Mwulize kama fundi amelikagua. Magari ya mwanzo ya kizazi hiki yaliwahi kulalamikiwa giaboksi, na mifereji ya kutolea maji ya mvua kwenye turubai huziba kwa majani, maji yakaishia kwenye zulia. Ukimuuliza hayo atajua umeacha kugomba na umeanza kujali.

Jumapili ijayo panda. Mkifika mahali pametulia, mwombe usukani. Kama gia za mkono umezisahau, akufundishe yeye.