Nilijitia Ujuaji, Nikaamkia Chini Muthurwa

Wiki jana msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia: "Dada, nina kifafa kama wewe. Nimekaa miezi minane sijaanguka. Hivi vidonge vinanitia usingizi, na sasa nimepata kazi ya zamu ya usiku. Si naweza kuviacha?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja. Halafu nikakumbuka kwamba mimi niliambiwa neno hilo hilo, na sikusikia. Kwa hivyo ndugu yangu, kaa kitako.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule. Miaka ya kwanza ya ugonjwa sitaisimulia yote: mikesha ya maombi, mizizi ya kuchemsha, shangazi aliyeapa kwamba kuna jirani ananifanyia. Aliyenisaidia ni dadangu mdogo, ambaye siku moja alinichukua video kwa simu nikitetemeka. Kliniki, kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo kilitoka safi. Mamangu akaguna, "Si mnaona hana kitu?" Daktari akaitazama ile video mara tatu, kisha akasema kipimo safi hakikanushi kifafa, kwa maana kinanasa muda mfupi tu, tena siku ambayo hujaanguka. Wewe usiyechukuliwa video bado, waombe watu wa nyumbani.

Alinieleza kwamba chembe za ubongo huzungumza kwa umeme, na kuanguka hutokea kundi kubwa linapofyatuka kwa pamoja. Umewahi kusimama Muthurwa, kile kituo cha matatu cha Nairobi, jioni, makanga wote wakiita kwa mpigo? Husikii Kayole wala Umoja, ni makelele matupu. Kwangu huanza na harufu ya mpira unaoungua, ambayo wenzangu hawaisikii. Dawa yangu, kabamazepini, haiui ugonjwa jinsi dawa ya malaria inavyoua vimelea. Inazituliza chembe, basi, na inazituliza ikiwa imo ndani ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa duniani ni karibu watu milioni 50, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Mimi nilikuwa kwenye hiyo 70. Miezi 14!

Kisha ikaja oda ya sare 120, shule zikikaribia kufunguliwa. Nilikuwa nasinzia juu ya cherehani, mshono unakwenda kombo. Nikajiambia aliyekaa miezi 14 amepona, nikavitia vidonge kwenye mkebe wa vifungo na kufunika. Usiku tatu nikalala saa mbili mbili. Siku ya nne nikaenda Eastleigh kuongeza kitambaa, na nikirudi, nimeshuka Muthurwa na bando begani, nikasikia mpira unaungua.

Nilipozinduka mdomo ulikuwa umejaa damu. Mtu alikuwa amenitia kijiko ili nisimeze ulimi. Ulimi haumezwi, jamani. Kilichovunjika ni jino langu la mbele, na pengo ninalo mpaka leo. Mwingine alikuwa akipiga kelele nisiguswe, eti mate yangu yataambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala mkojo, wala kwa chochote. Mama mmoja muuza mboga ndiye aliyekuwa na akili: alikunja leso yake akaniwekea chini ya kichwa, akanigeuza ubavu, akawaambia nisishikwe kwa nguvu, na akaangalia saa. Mtu akipita dakika tano anatetemeka, hiyo ni dharura, anakimbizwa hospitali. Mimi nilikuwa naelekea huko. Kuacha dawa ghafla ni njia mojawapo ya kuingia kwenye mtetemeko usiokoma, na huo unaua.

Mwenye oda akasikia. Akatuma kijana kuchukua vitambaa vyake, na ujumbe kwamba wazazi hawatataka watoto wavae nguo zilizoshonwa na mwenye kifafa. Sare 74 zilikuwa tayari zimepigwa pasi. Sitamtaja, lakini nikipita pale langoni kwake yeye hugeuza uso. Mwezi huu nimewasilisha sare za shule nyingine, 200 kamili, nina cherehani nne na vijana wawili. Ayasome haya akitaka.

Sasa wewe wa Kayole. Usiache dawa. Ikikulemaza, rudi kwa aliyekuandikia, apunguze dozi, abadilishe saa au abadilishe dawa yenyewe. Mara nyingi madaktari hungoja angalau miaka miwili bila kuanguka ndipo wafikirie kuipunguza, na hupunguza polepole kwa miezi. Miezi minane si miaka miwili. Wala miezi 14 si miaka miwili, nimejifunza kwa jino. Kina dada, kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Semeni na daktari kabla ya mimba, lakini msiache dawa. Narudia kwa sababu nawajua, nilikuwa mmoja wenu: mnameza mkiwa wagonjwa, mkipata nafuu mnakuwa madaktari.

Na hiyo zamu ya usiku inanitia wasiwasi kuliko vidonge. Kukosa usingizi pekee kunaweza kukuangusha hata ukiwa unameza vizuri. Omba zamu ya mchana. Wakikunyima, kazi nyingine itatafutwa, hata mimi nina cherehani ya tano nataka kununua. Niandikie tena uniambie tarehe ya kliniki ni lini na unalala saa ngapi. Usinidanganye kwenye hilo la pili.