Ngoma kanisani: ni andiko au ni ladha ya mchungaji?

Shemeji, umesema mchungaji wenu hapo Moshi amezuia ngoma kwenye kwaya kwa madai kwamba Biblia imezikataa. Muulize kwa heshima, mkiwa faragha: ni andiko lipi? Zaburi 150 inataja baragumu, kinanda, zeze, matari na matoazi, tena kuna na kucheza humo humo. Na Walutheri wa huko kwenu wamepuliza tarumbeta ibadani miaka nenda rudi, hakuna aliyewaita wapagani.

Sisemi hana mamlaka. Kiongozi anaruhusiwa kupanga ibada. Kanisa bila utaratibu ni vurugu. Lakini Paulo mwenyewe, kwenye 1 Wakorintho 7:25, akizungumzia wasiooa, anakiri wazi kwamba hana amri ya Bwana, anatoa shauri lake tu. Mtume aliweza kutenganisha hayo mawili, sembuse mchungaji wa mtaa!

Kwa hiyo kama hapendi ngoma, aseme hapendi. Kama ni majirani wa Majengo wanalalamikia kelele za mkesha, aseme hivyo pia, wanakwaya ni watu wazima, wataelewa. Wengi watamtii bila kinyongo. Kinachowakera ni kutishiwa jehanamu kwa sababu ya ngozi ya mbuzi.