Kuchora mchakato wa kazi: anza na ndoo iliyokataliwa

Mkuu, umeuliza mchoro wa mchakato uchorwe vipi hadi vijana wa ghalani wautumie, usiishie kwenye faili la bosi. Niko Tabora, nimechora wa ghala la kupokea asali, nitakujibu kwa huo.

Tumia alama za BPMN, yaani alama maalumu za kuchora michakato ya kazi. Toleo la 2.0 lilitoka 2011, na 2013 likawa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango. Huhitaji zote: duara la mstari mwembamba ni mwanzo, la mstari mnene ni mwisho, mstatili wa kona za mviringo ni kazi, almasi ni njia panda. Draw.io, programu ya kuchorea, inazo, bure.

Shughuli iko kwenye njia panda. Mfugaji nyuki analeta ndoo, karani anapima uzito, mpimaji anadondosha tone kwenye kifaa cha kupima maji yaliyomo kwenye asali. Kiwango cha Codex, yaani cha kimataifa cha vyakula, kinataka maji yasizidi asilimia 20, yakizidi sana asali huchacha. Wengi huchora mshale wa iliyofaulu hadi stoo na malipo, basi. Iliyokataliwa je? Inarudishwa papo hapo au inatengwa? Nani anamwambia mwenyewe, na inaandikwa wapi? Nilipouliza, karani akasema hivi, mpimaji akasema vile, kila mmoja ana uhakika. Na ndoo zipo pale kwenye kona, hazina jina, mzee wa watu anangoja hela yake. Msimamizi akaamua palepale: ndoo iandikwe jina, mfugaji apewe karatasi siku hiyohiyo. Hicho ndicho nikachora.

Ndani ya almasi weka X kama inafuatwa njia moja tu. Alama ya kujumlisha ni ya kazi zinazokwenda sambamba, mfano kuingiza stoo huku malipo yanaandaliwa. Karani na mpimaji kila mmoja awe na safu yake. Mfugaji si mfanyakazi wenu, mpe boksi lake nje, na kati yenu upite mshale wa vipandevipande, maana hapo inapita taarifa.

Ukutani usibandike mchoro mzima. Chapisha kipande cha mapokezi kwenye A3, ubandike karibu na mizani. Andika "Pima maji", achana na "Utekelezaji wa uhakiki wa ubora". Halafu mwite kijana ambaye hakuwepo mkichora, afuate kwa kidole huku ndoo halisi ikipokelewa. Kidole kikisita, rekebisha hapo.

Ukimaliza tuwekee picha hapa, hasa upande wa zilizokataliwa, tuupitie pamoja.