Makambako hakuna watalii, na dada poa wapo

Mkuu, unauliza kama watalii wakijaa Iringa kwa ajili ya hifadhi ya Ruaha tutaletewa biashara ya kujiuza, kama watu wanavyolalamikia Zanzibar. Nimekaa mapokezi ya gesti Makambako miaka mingi. Hiyo biashara haijawahi kumsubiri mtalii.

Makambako ndipo barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya. Malori ya Zambia na Kongo yanalala pale, wanunuzi wa mbao wanashuka na pesa taslimu. Tunduma, mpakani na Zambia, ndiyo usiseme, foleni ikikwama dereva anakaa tu. Niliokuwa nawaandika kitabuni ni hao, wengi wana wake kwao.

Wadada wengi walianza kama wahudumu wa baa. Mshahara kiduchu, halafu mwisho wa mwezi tajiri anakata chupa zilizovunjika na bili ya mlevi aliyetoroka. Kinachobaki hakitoshi kodi ya chumba.

Sasa njoo kwenye msako wa polisi dhidi ya wadada hawa, ambao wengi mnaushangilia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176, inamhusu anayezurura akitafuta wateja. Kikitumika, anayepakiwa kwenye difenda ni dada. Mwanamume anavaa viatu anaondoka zake. Anayekwenda kumtoa ni yule yule tajiri wa baa, na hela hiyo ni deni. Mwenye deni hachagui mteja, wala hamkatalii asiyetaka kondomu. Wengine walikuwa wananiachia kondomu kaunta, polisi wasiwakute nazo kwenye mkoba. Na Makambako ipo mkoa wa Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Nchi nzima ni 4.4. (Msiwabebeshe wadada peke yao. Virusi havikupanda lori vyenyewe.)

Utalii ninaouogopa mimi ni ule unaochukua mabinti zetu. Iringa imezoeleka kutoa wasichana wa kazi za ndani, sasa dalali anakuja na ahadi ya hoteli ya pwani. Nauli analipa yeye, na hapo deni limeshaanza kabla binti hajapanda basi. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008, ila kijijini nani anaijua?

Kama mdogo wako ameitwa, ulizia jina la hoteli, piga simu huko mwenyewe, omba mkataba uusome. Nauli mlipie wewe, na ya kurudi mpe mkononi.