Jibu: Mbunge wa kwanza mwanamke Uingereza ni Markievicz au Astor?

Mkuu, umeuliza kwa nini wengine humtaja Nancy Astor na wengine Constance Markievicz. Wote wako sahihi. Markievicz ndiye wa kwanza kuchaguliwa, Desemba 1918, jimbo la Dublin, Ireland, iliyokuwa bado chini ya Uingereza, tena akiwa gerezani Holloway, London. Kama wenzake wa Sinn Féin, chama kilichodai uhuru wa Ireland, aligoma kwenda kula kiapo kwa mfalme, hivyo hakukalia kiti. Astor akaingia bungeni 1919 na kukalia kiti.

Kwangu mimi mwenye kisa ni Markievicz. Alizaliwa 1868 kwenye ukoo wa Gore-Booth, mabwanyenye wa Kiprotestanti wenye mashamba Lissadell, Sligo. Hilo jina gumu ni la mumewe, mchoraji wa Kipolandi. Sasa mtoto huyo wa jumba kubwa ndiye aliyeshika bastola bustani ya St Stephen's Green, Dublin, kwenye uasi wa 1916, akipambana na jeshi la Uingereza! Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha kwa sababu tu ni mwanamke. Aliachiwa 1917, kisha akafungwa tena 1918.

Mwaka 1919 serikali ya wanamapinduzi wa Ireland ilimpa uwaziri wa kazi. Baada yake, Ireland haikupata waziri mwingine mwanamke kwenye baraza hadi 1979.