Mkuu kabla hujaanza huo mfungo wa siku 40 soma hapa

Simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako nikiwa kazini nikashindwa kuendelea na kazi, ndo maana naandika bila hata salamu, utanisamehe. Kaka yako amefariki ghafla kwa ajali, msiba bado mbichi kabisa, na wewe umekuja hapa na ratiba: kufunga siku 40, kuamka saa tisa usiku kuomba, Biblia nzima ndani ya mwaka, kujiunga na kikundi cha maombezi, na nadhiri kwamba hutalia tena kwa sababu kuna mtumishi kakwambia machozi yanamfungulia adui mlango. Afu ukamalizia kwa kujisifu kabisa kwamba umemwambia mama yako naye aache kulia. Hapo ndo uliponimaliza.

Hiyo ratiba naijua. Niliwahi kuiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, nikaibandika ukutani.

Mke wangu alienda kulala akilalamika kichwa, asubuhi hakuamka. Hayo yanatosha. Ninachotaka ujue ni kilichofuata, maana kifo sikukileta mimi, ila kilichofuata nilikitengeneza mwenyewe nikisaidiwa na bwana mmoja ambaye mpaka leo nikimwona kwa mbali nahamia upande wa pili wa barabara, Mungu anisamehe, hilo bado nalifanyia kazi. Alikuwa anaongoza maombi. Alinikuta nalia siku chache baada ya mazishi akaniambia baba mwenye imani halii mbele ya watoto, kwamba Paulo amekataza kuhuzunika, na kwamba nikishika maombi kweli kweli maumivu yataisha ndani ya mwezi. Mwezi! Kama dozi ya vidonge. Na mimi kwa nilivyokuwa nimechanganyikiwa hata angeniambia nisimame kwa mguu mmoja juu ya paa ningeuliza ngazi iko wapi.

Basi nikaanza. Nikafunga mpaka suruali zikawa hazikai. Mikesha yote nipo, kila kamati nimo, nikitoka kazini napitiliza kanisani narudi watoto wameshalala. Watu wakaanza kunitolea mfano, mwoneni ndugu yetu alivyo imara, na mimi nikaanza kuipenda hiyo sifa ya kuwa imara kuliko nilivyokuwa nampenda huyo Mungu mwenyewe niliyekuwa naenda kumwomba. Hili sikuliona wakati ule. Nilidhani ni moto wa Roho, kumbe nilikuwa nakimbia nyumba yangu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kitanda chenye upande mmoja mtupu na watoto wenye maswali, na kanisani kulikuwa na kelele za kutosha nisisikie chochote.

Sasa sikiliza kilichonigharimu kuliko vyote, achana na afya, achana na suruali. Binti yangu mkubwa alikuwa analia kila jioni. Nikamwambia mama yuko kwa Yesu, sisi tunalia nini? Nikamwambia mara ya pili, ya tatu, kwa ukali kidogo. Akaacha. Mimi nikaona ushindi, mkuu, nikasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda jinsi Bwana alivyomfuta mwanangu machozi, na watu wakapiga makofi. Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba mtoto alikuwa anaingia bafuni anafungulia maji yamwagike ili nisimsikie akilia. Mimi nilikuwa najua anapenda usafi! Nilikuwa namsifia! Nacheka hapa ninapoandika lakini nadhani unaelewa siyo kucheka. Mtoto amepoteza mama, afu baba aliyebaki anamfundisha kwamba hata Mungu hataki kumsikia akimlilia mama yake. Hiyo ndiyo imani niliyoimarisha.

Na mwisho wake yenyewe haikusimama. Usiku mmoja katikati ya mkesha nikafungua mdomo niombe, hakuna kitu. Siyo machozi, siyo hasira, siyo hata usingizi, patupu kabisa. Nikatoka nje nikaenda nyumbani, na baada ya hapo nikaacha kila kitu kwa mpigo, nadhiri zote nikazivunja, Biblia ikapanda juu ya kabati ikakaa huko muda mrefu mpaka ikashika vumbi. Yule kiongozi wangu wa dozi ya mwezi mmoja alikuja? Wapi. Nilisikia tu anasema nimerudi nyuma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila alichoniambia kipo kwenye Biblia kwa namna nyingine kabisa, ningesoma mwenyewe mistari mitatu mbele ningemkamata. Paulo kwenye 1 Wathesalonike 4:13 hajasema tusihuzunike, anasema tusihuzunike kama wale wasio na matumaini, na ni Paulo huyo huyo kwenye Warumi 12:15 aliyeandika "lieni pamoja nao waliao". Umemkataza mama yako kulia wakati umeagizwa ulie naye! Yesu mbele ya kaburi la Lazaro alikuwa anajua kabisa kwamba baada ya dakika chache anamfufua, na bado Yohana 11:35 inasema "Yesu akalia machozi". Kwahiyo yeye naye alimfungulia adui mlango? Muulize mtumishi wako.

Na hao wanaokupa siku 40 wanampenda sana nabii Eliya, ila soma 1 Wafalme 19 taratibu. Mtu amechoka, amekaa chini ya mti anaomba afe. Malaika anakuja, na hamwambii aongeze maombi, anamwambia inuka ule. Anakula, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, ule tena, kwa sababu safari ni kubwa kwako. Zile siku 40 alizotembea zimekuja baada ya kula mara mbili na kulala, tena kwa nguvu ya kile chakula! Daudi naye, 2 Samweli 12, alifunga wakati mtoto yuko hai anaumwa, mtoto alipokufa akainuka, akaoga, akabadili nguo, akaenda kuabudu, akarudi nyumbani akala. Sisemi kufunga ni kubaya, nafunga mpaka leo. Nasema wewe saivi hulali, kula kwenyewe umeandika kunakushinda, afu unataka kukigeuza kuwa huduma. Na kama kuna siku unawaza kama alivyowaza Eliya, usibaki nalo peke yako, mwambie mtu leo leo na uende hospitali au kwa mshauri, hakuna wokovu unaopungua kwa hilo.

Kuhusu nadhiri, Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke kuliko kuweka usiitimize. Mimi nilizoweka sizitaji hapa, baadhi zilikuwa za kichekesho.

Aliyenirudisha ni mama mmoja mzee, mjane, hata jina la huduma yoyote hana pale kanisani. Alikuja nyumbani jioni, akakaa. Hakuniuliza mbona huonekani. Akaomba Biblia, nikaishusha kule juu kwa aibu na vumbi lake, akatusomea Zaburi ya 88 mbele ya watoto, yote, mpaka mwisho, na kama hujawahi kuisoma nenda kaisome: haimalizikii kwa haleluya, inamalizikia gizani, mtu anamwambia Mungu umewatenga nami rafiki zangu, basi, imeisha. Binti yangu akauliza, hii nayo imo kwenye Biblia? Akaambiwa imo. Akaanza kulia pale pale sebuleni, mbele ya watu, na mimi kwa mara ya kwanza sikumkataza, tukalia wote mpaka yule mama akaenda jikoni mwenyewe kutafuta maji ya kunywa.

Sasa kanuni yangu, na ni moja tu, wala sina nyingine: usiweke tabia yoyote ya ibada ambayo huwezi kuifanya huku unalia. Ukiona inakudai uache kulia ndo uweze kuifanya, huko unakimbia, itupe. Kwetu ilikuwa hivi. Zaburi moja, kwa sauti, watu wote wa nyumbani, muda ule ule kila jioni. Tulianza na Zaburi ya 13, ina mistari sita tu, inaanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", haimalizi hata dakika. Afu kila mmoja anamwambia Mungu sentensi moja ya kweli, ya kweli, siyo ile ya kupendeza. Mwanangu mdogo alikuwa anasema Mungu sikupendi leo. Yule mjane alisema aachwe aseme, Ayubu alisema makali kuliko hayo na kwenye sura ya 42 Mungu aliwakasirikia rafiki zake waliokuwa wanamtetea Mungu, akasema wao hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Na wale rafiki kitu cha maana walichofanya ni zile siku saba walizokaa naye chini kimya, shida ilianza walipofungua midomo.

Ukikosa maneno rudia yale ya jana, Gethsemane Yesu aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale. Ukikosa hata hayo, ugua tu, Warumi 8:26 inasema Roho anaombea kwa kuugua.

Najua utasema ni kidogo mno, na mimi niliona ni dharau, nilikuwa nimezoea mikesha. Lakini mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani, waliokota ya siku moja, waliojifanya wajanja wakaweka akiba ikaota mabuu asubuhi. Hiki kidogo ndicho kimebaki mpaka leo, kwenye siku mbaya na nzuri, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, hata siku tuliyogombana. Mengine yaliongezeka yenyewe taratibu, kanisani nilirudi, kufunga kukarudi, kwa mpangilio ambao sikuuandika ukutani.

Kwahiyo leo zima hiyo alamu ya saa tisa ulale. Kabla ya kulala nenda kwa mama yako, mwambie nilikosea kukukataza, akilia kaa naye, ukiweza msomee hiyo 13, ukishindwa kaa naye tu. Shemeji yako pia, mke wa kaka, umemtaja mstari mmoja tu kwenye uzi mzima, yeye nani anakaa naye?

Uliuliza pia sijui kuhusu daftari la maombi na kuhama kanisa, wengine watakujibu. Na huo mpango wa kumaliza Biblia ndani ya mwaka usiniulize mimi, kila mwaka naishia Mambo ya Walawi.