Kabla ya Kukubali Tarehe ya Maonyesho, Tazama Kalenda ya Mvua

Mwaka wa kwanza nilipokodi kishamba Uthiru, nilikubali kufanya maonyesho mwanzoni mwa Mei, na kwa uamuzi huo mmoja nikaharibu michoro na mboga kwa pamoja. Masika ya Nairobi hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Hayo ndiyo majuma ambayo ardhi hudai kupandwa na kupaliliwa, na ndiyo hayo hayo niliyohitaji kujifungia studioni kutwa. Maharagwe niliyapanda kwa kuchelewa, magugu yakayafunika kabla hayajatoa maua. Studioni mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa: mafuta yaliyomo huchukua oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, kazi ambayo hujikokota kukiwa na baridi. Nilifunga michoro mitatu kwa nailoni ikiwa bado inanata, na ilipofunguliwa ukumbini nailoni iliondoka na sehemu ya anga niliyoihangaikia kwa wiki mbili.

Kwa hiyo, mchoraji mwenzangu mwenye kishamba, ukialikwa kuonyesha kazi zako usijibu siku hiyo hiyo. Weka tarehe unayopewa kando ya misimu miwili, yaani masika na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha uhesabu kurudi nyuma. Mimi sasa huomba mwisho wa Februari au Septemba, na wasimamizi wa kumbi wengi niliowaeleza sababu wamenielewa. Maonyesho yakiwa Septemba, michoro yenye rangi nzito huikamilisha kabla ya Julai, kwa kuwa kuanzia Juni mawingu hulala juu ya mji huu na rangi ya mafuta hukawia. Miezi hiyo ya baridi huipa akriliki, ambayo hukauka maji yake yanapoondoka, pamoja na kazi ya fremu na kuwamba amerikani kwa ajili ya michoro ijayo. Shamba nalo wakati huo halina madai mengi. Sukuma wiki iliyokwisha kushika mizizi huchumwa majani ya chini na kuachwa iendelee.

Katika siku moja, mgawanyo wangu hufuata nuru. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hadi saa tatu niko shambani, kwa sababu mwanga wa mapema huwa wa manjano na hunidanganya ninapochanganya rangi. Baada ya hapo nanawa mikono na kuingia studioni, wala sirudi shambani hadi kesho yake, hata mtu akinipigia simu kwamba mvua imelaza mahindi.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: maji ya kuoshea brashi yasifike kwenye mboga. Baadhi ya rangi nyekundu na za manjano zina kadimiamu, na baadhi ya nyeupe zina risasi, na zote mbili ni metali zenye sumu. Mchicha hauna namna ya kukataa kinachomwagwa kwenye udongo wake. Futa brashi kwa kitambaa kwanza. Tapentaini iliyotumika iache itulie katika chupa iliyofungwa, kisha umimine ile safi ya juu na kuitumia tena.

Kuhusu ardhi, nilipoteza nduma za miezi mitano pale mwenye ploti alipoiuza ili ijengwe nyumba za kupangisha. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, lakini haimzuii mtu kuuza ardhi yake. Andikianeni mkataba wa msimu mzima, na upande vinavyoiva mapema: terere, kunde, managu. Mapato ya mboga hayatalipa kodi ya studio. Hata hivyo, kwa mtu ambaye ukumbi hukata theluthi au hata nusu ya bei ya mchoro, jiko lisilotegemea mauzo ya mwezi huu humpa nafasi ya kukataa bei ya kumdhalilisha.

Na usifanye haya peke yako. Wachoraji wa mji huu wamezoea kugawana studio na vifaa tangu kabla ya kituo cha wasanii cha Kuona Trust kuanzishwa mwaka 1995, na desturi hiyo inafaa ivuke hadi shambani. Dada ninayegawana naye studio humwagilia miche yangu wiki ninayotundika michoro, nami hubeba na kutundika ya kwake zamu yake inapofika. Mwaka huu zamu yangu ni Septemba: michoro mitano ya mafuta imeshakauka, na kitalu cha managu tumekubaliana ataanza kukitayarisha wiki ile ile ya ufunguzi, ili miche iwe tayari kuhamishwa vuli itakapoanza.